Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Dhidi ya Kompyuta Inayopima Wazima Tu

Wazo linalopendwa sana katika uhandisi wa tiba siku hizi ni kwamba kifaa kinachoingizwa mwilini kijaribiwe kwanza ndani ya kompyuta. Wazo hilo ni zuri. Vali ya moyo, nyonga ya chuma, mrija wa kupanua mshipa wa damu, vyote hupitishwa katika hesabu hizo kabla ya mgonjwa kulazwa mezani. Tangu miaka ya 1990 hesabu hizo zimefikia pia kiungo ambacho wengi wetu hatupendi kukitaja mbele ya watu, yaani uume. Wahandisi hukadiria jinsi tishu za uume zitakavyovutika, zitakavyobanwa na zitakavyoumia pale kipandikizi kinapowekwa ndani yake ili kumsaidia mwanamume ambaye uume wake hausimami tena na dawa zimeshindwa.

Makala hii haipingi kompyuta. Inapinga jambo moja mahususi: kujenga modeli, yaani mwili wa hesabu ulio ndani ya mashine, kwa vipimo vya tishu zisizo na ugonjwa, kisha kuitumia modeli hiyo kumwambia mwenye kovu kitakachompata. Mtu mzima wa afya hahitaji kipandikizi. Wanaokihitaji ni watu wenye kisukari cha muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, wenye uume uliopinda kwa sababu ya kovu, na wenye selimundu ambao damu iliganda ndani ya kiungo hicho. Wahenga walituonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Nadai kwamba modeli nyingi huanza na dhana hiyohiyo tuliyokatazwa, na kwamba kwetu sisi wa Uganda, Kongo na nchi jirani, ambako selimundu haiko mbali na nyumba ya mtu yeyote, gharama ya dhana hiyo ni kubwa.

Kifaa na mahali kinapokaa

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengi wamekisikia katika mzaha tu. Mwaka 1936 daktari mpasuaji Mrusi, Nikolai Bogoraz, alieleza jinsi alivyotumia gegedu la ubavu wa mgonjwa kuupa uume ugumu. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1973, Brantley Scott na wenzake walipotangaza nchini Marekani kipandikizi cha silikoni kinachojazwa maji. Katika umbo lake la leo, kipandikizi cha aina hiyo kina silinda mbili ndani ya uume, pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani, na kifuko cha maji kinachowekwa karibu na kibofu. Mwanamume akibonyeza pampu, maji huhamia kwenye silinda na uume husimama, akimaliza, huyarudisha. Mwaka 1975 Michael Small na Hernan Carrion wa Miami walileta aina rahisi zaidi: fimbo mbili za silikoni ambazo hazijazwi chochote, ila hubaki na ugumu wake usiku na mchana. Aina zote mbili zipo hadi leo. Ile ya maji ni ghali mno; ile ya fimbo ni nafuu, na ndiyo inayoweza kufikiriwa katika nchi zenye kipato kidogo.

Mahali kifaa hicho kinapokaa pana ufundi wa ajabu. Ndani ya uume mna mihimili miwili ya tishu laini kama sifongo, imelala sambamba, na kila mmoja umevikwa ala imara iitwayo tunika albujinea. Ala hiyo imefumwa kwa nyuzi za kolajeni pamoja na elastini kidogo. Tabaka la ndani nyuzi zake huuzunguka mhimili. Tabaka la nje nyuzi zake huenda kwa urefu. Mwanabiolojia wa Marekani Diane Kelly, kwa kumchunguza mnyama wa Amerika aitwaye armadilo, alionyesha mwaka 1997 kwamba mpangilio huo wa nyuzi zinazokatana kwa pembe mraba ndio unaoufanya uume uliojaa damu ukatae kupinda. Ni kama kitambaa ambacho uzi mmoja umeenda urefu na mwingine upana: kikijazwa kwa ndani hukakamaa, wala hakijikunji upande.

Hapo ndipo mhandisi anapopata kazi. Anataka kujua: nikiweka silinda ya kipimo hiki, ala itavutika kiasi gani? Mkazo mkubwa utaangukia wapi? Neva na mishipa inayopita juu ya ala itabanwa? Ncha ya silinda itasukuma nyama mpaka itoboe? Haya si maswali ya upuuzi. Silinda fupi kuliko inavyotakiwa huacha kichwa cha uume kikining'inia bila mhimili. Ndefu kupita kiasi huweza kula nyama polepole mpaka itokeze nje. Na upasuaji wenyewe hauna marejeo. Tishu ya sifongo ikishapanuliwa ili kupisha silinda, uwezo wowote wa asili uliokuwa umebaki huondoka nao. Anayekosea hapa humkosea mtu kwa maisha yake yote.

Rangi nzuri, namba za nani?

Kompyuta hufanyaje? Huukata uume wa hesabu katika maelfu ya vipande vidogo. Kila kipande hupewa namba zinazosema kina ugumu kiasi gani, huvutika vipi, na hushikana vipi na jirani yake. Kisha mhandisi husukuma: hujaza silinda maji, au hukandamiza kutoka kwenye ncha. Mashine hutafuta mahali kila kipande kitakapotulia baada ya kusukumana na wenzake. Mwishoni hutokea picha ya rangi, buluu pasipo na mkazo na nyekundu palipo na mkazo mwingi. Picha hizo hupendeza machoni, na ndiyo hatari yake. Rangi nyekundu haisemi namba zilizoizaa zilitoka mwilini mwa nani.

Namba hizo si jambo dogo. Tishu laini haifanyi kama chuma wala kama mpira. Mwanzoni nyuzi za kolajeni zimejikunja, kwa hiyo tishu huvutika kwa urahisi. Zikishanyooka, ugumu hupanda ghafla. Tena huvutika tofauti kwa urefu na kwa upana, na hulegea kidogo ikiachwa chini ya mkazo kwa muda. Ili kuyajua haya lazima mtu akate kipande cha tishu, akifunge kwenye mashine na kukivuta. Vipande hivyo hupatikana wapi? Mara nyingi kutoka kwa maiti au kwa wanyama, na pengine mhandisi huazima namba kutoka kwenye chapisho la mwenzake, ambaye naye aliziazima. Kwa njia hiyo mwili mmoja, au wa mnyama mmoja, huweza kuzungumza kwa niaba ya maelfu ya wagonjwa ambao haukufanana nao.

Nitatoa hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote aliyefaulu fizikia ya sekondari anaweza kuirudia. Ukichukua mrija wenye shinikizo ndani yake, mkazo katika ukuta wake hukadiriwa kwa kuzidisha shinikizo kwa nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa unene wa ukuta. Chukua shinikizo la milimita 100 za zebaki, ambalo ni kilopaskali 13.3 hivi. Chukua nusu kipenyo cha milimita 8. Ukisema ala ina unene wa milimita 2, kama ilivyo uume ukiwa umelala, unapata mkazo wa kilopaskali 53. Ukisema ala imekonda mpaka nusu milimita, kama inavyoweza kuwa uume ukiwa umesimama, unapata 213. Umebadilisha namba moja tu, na jibu limekuwa mara nne. Sasa leta kovu. Upande mmoja umenenepa na kugoma kuvutika. Upande wa pili unalazimika kuvutika kwa ajili ya wote wawili. Je, utaingiza unene upi? Na ugumu upi?

Kuna jambo jingine ambalo huandikwa kwa mstari mmoja katika machapisho na kupitwa haraka. Ili kuipunguzia kompyuta kazi, mara nyingi huundwa nusu ya kiungo, na nusu ya pili huhesabiwa kuwa taswira yake katika kioo. Kwa mwili usio na ugonjwa hilo halina ubaya mkubwa. Lakini kovu halijui kioo. Ugonjwa wa Peyronie, uliopewa jina la mpasuaji Mfaransa wa karne ya 18, huweka bamba gumu upande mmoja wa ala, na ndiyo maana uume hupinda. Ukiukata uume huo katikati na kuuhesabu nusu, umeutupa ugonjwa wenyewe kwenye jalala kabla ya kuanza kuutibu.

Tena, hata aliyekuwa na tishu nzuri huwa na kovu baada ya upasuaji. Mwili haukipokei kitu kigeni hivihivi. Hukizungushia utando mgumu. Miezi michache baada ya kupandikizwa, silinda haigusani tena na ile tishu laini ambayo mhandisi aliihesabu. Inagusana na ukuta mpya uliojengwa na mwili. Modeli ya siku ya upasuaji, basi, ni modeli ya siku hiyo. Anayeitumia kuahidi miaka kumi ameruka hatua.

Damu iliyokwama

Selimundu, ambayo wengi wetu huiita sikoseli, ndiyo inayoifanya hoja hii iwe ya kwetu. Katika ugonjwa huu, chembe nyekundu za damu zinapokosa oksijeni hujipinda kama mundu na kukwama katika mishipa. Kwa mwanamume, mojawapo ya mahali zinapoweza kukwama ni ndani ya ile mihimili ya sifongo. Damu huingia, haitoki. Uume husimama bila hamu yoyote, kwa maumivu makali, na haulali. Madaktari huliita tatizo hili priapizimu. Likipita saa nne ni dharura ya hospitali. Likiachwa mpaka siku moja na nusu, misuli laini ya ndani iliyokosa oksijeni hufa, na mahali pake hujengwa kovu. Uume utalala hatimaye, lakini huenda usisimame tena. Mara nyingi matukio haya huanza utotoni au katika ujana, kwa hiyo anayepoteza uwezo huo anaweza kuwa kijana wa miaka 20 ambaye hata mchumba hajapata.

Hili si tatizo la mbali. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba cha selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Zaidi ya robo tatu ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi tatu zenye mzigo mkubwa kabisa, pamoja na Nigeria na India. Watoto hawa sasa wanaishi zaidi kuliko zamani, na hiyo ni habari njema. Lakini anayeishi hukua, na anayekua huwa mwanamume mwenye mahitaji ya mwanamume.

Mpasuaji anayefungua uume wa kijana huyo hakuti sifongo. Anakuta nyama ngumu isiyopitisha hata kifaa chembamba cha kupanulia njia. Analazimika kuchimba, na katika kuchimba anaweza kutoboa ala au kujeruhi mrija wa mkojo. Mara nyingine silinda ya kawaida haiingii; hutafutwa iliyo nyembamba. Ndiyo sababu kwa mgonjwa ambaye priapizimu yake imekaa muda mrefu, wataalamu wengi hushauri kipandikizi kiwekwe mapema, kabla kovu halijakomaa na kuufupisha uume. Hapa ndipo tungeihitaji kompyuta kuliko mahali pengine popote. Ingetuambia kovu la wiki tatu lina ugumu gani na la mwaka mmoja lina ugumu gani. Silinda nyembamba itapeleka mkazo wapi. Fimbo ya bei nafuu, ambayo haipumziki usiku wala mchana, itakula wapi kwanza. Badala yake, kompyuta inatueleza kwa ustadi mkubwa habari za tishu ambazo kijana huyu hana tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Sidai kwamba tishu za Mwafrika ni tofauti na za Mzungu au Mhindi. Dai la namna hiyo lina historia chafu, na sina ushahidi wake. Kovu halina kabila. Ninachodai ni kwamba magonjwa yaliyozifikia tishu hizo ni tofauti kutoka nchi hadi nchi, na kwamba anayekusanya vipimo karibu na maabara yake hukusanya magonjwa ya jirani zake. Katika nchi ambako kipandikizi huwekwa zaidi kwa wazee wa kisukari na wa saratani ya tezi dume, modeli ikipata bahati ya kuwa na ugonjwa wowote itakuwa na huo. Kijana wa selimundu atabaki nje ya mlango.

Majibu kwa wanaotetea

Wa kwanza atasema: haiwezekani, tishu yenye kovu ina mchanganyiko mno, haihesabiki. Jibu ni kwamba inawezekana, na mwanzo ulishafanywa. Mwaka 1999 Amit Gefen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha modeli iliyolinganisha mkazo katika uume usio na ugonjwa na katika uume wa mwenye kisukari baada ya kuwekewa kipandikizi cha kujazwa. Mwaka uliofuata kundi hilo lilichapisha modeli ya ugonjwa wa Peyronie. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa kompyuta ambazo zingeshindwa na simu za leo. Kama kisukari kiliweza kuingizwa katika hesabu wakati ule, kisingizio cha kuiacha selimundu leo si uzito wa hesabu.

Wa pili atasema: modeli rahisi ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Nakubali nusu. Ukitaka kulinganisha silikoni na poliyurethani, ipi itachakaa haraka, modeli rahisi inaweza kutosha. Ukitaka kumwambia mgonjwa fulani kwamba hatatobolewa, haitoshi. Wahandisi wenyewe wanalijua hili. Kiwango kilichotolewa mwaka 2018 na chama cha wahandisi mitambo wa Marekani kuhusu uaminifu wa modeli za vifaa vya tiba, V&V 40, kinataka kila modeli itaje kwanza inajibu swali gani, na kadiri madhara ya kukosea yanavyokuwa makubwa, ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa mzito. Kwa maneno mengine, modeli haiwi ya kweli au ya uongo hivi hivi tu. Huwa ya kweli kwa swali fulani. Kuihamisha kutoka swali moja hadi lingine bila kupima upya ni sawa na kumpa mtu dawa ya jirani kwa sababu wote wanakohoa.

Wa tatu, na huyu ninamwogopa zaidi kwa sababu yuko karibu nasi, atasema: mna malaria, mna akina mama wanaokufa kwa uzazi, nanyi mnashughulika na uume? Namjibu kwamba sijaomba shilingi itolewe kwa mama mzazi ipewe kipandikizi. Nimeomba kwamba pale vifaa hivi vinapoletwa, vije na ukweli. Na tena, huyo kijana ni mtoto wa mama yuleyule. Alihangaikiwa tangu utotoni, akapelekwa kliniki, akanusurika. Kumwambia baada ya yote hayo kwamba sehemu iliyoharibika si muhimu ni kumnusuru nusu.

Kicheko na kimya

Kwa nini basi vipimo vya kovu hili havipo? Sababu ya kwanza ni fedha na mahali maabara zilipo, hilo linajulikana. Lakini kuna sababu ya pili ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kuikwepa. Nilipoitaja mada hii mbele ya wenzangu, darasa lilicheka. Kicheko hicho ndicho anachokiogopa mvulana wa miaka 15 anapoamka usiku na uume uliokakamaa kwa maumivu. Hamwambii mama. Hamwambii mwalimu wa bweni. Anasubiri ulale wenyewe. Saa nne zinapita, saa kumi zinapita. Akifika hospitali, kilichokuwa dharura kimeshakuwa kovu, na hata hapo huandikwa kwa maneno ya kuzungukazunguka. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mara hii methali imesema kweli neno kwa neno.

Lugha yetu ina sehemu yake katika kimya hicho. Tumeridhika na fungu moja la maneno, nguvu za kiume, kama kwamba linaeleza kila kitu. Ndani ya fungu hilo tumetia hamu, tumetia kusimama kwa uume, tumetia uzazi, tumetia hata heshima ya mtu mbele ya mkewe. Mgonjwa akiambiwa kwamba kifaa kitamrudishia nguvu za kiume, anaelewa nini? Kipandikizi hakileti hamu. Hakibadilishi mbegu. Kinatoa ugumu tu. Anayetia saini fomu ya ridhaa bila kujua tofauti hizo ameridhia kitu kingine. Na mtafiti anayetumia neno hilohilo katika dodoso lake atakusanya majibu ya maswali manne yaliyochanganywa, kisha ataiingizia kompyuta uji.

Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno. Mkazo tunao. Shinikizo tunalo. Unyumbufu tunao. Kovu, ala, gegedu, utando, vyote ni vyetu. Tumevitumia katika vitabu vya fizikia na biolojia vya shule bila haya. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuviweka pamoja katika sentensi moja kuhusu kiungo hiki. Tunaandika tasnifu juu ya sitiari za mapenzi katika taarabu, na humo mwili wa mwanamume na wa mwanamke umetajwa kwa kila fumbo la embe na ufunguo. Lakini akitokea mgonjwa anayetaka kuelezwa bila fumbo, tunamwachia Kiingereza, au Kifaransa kwa wenzetu wa Bujumbura na Goma. Lugha inayojua kuficha tu haijatimia.

Ninachodai

Madai yangu ni matatu, na hakuna linalohitaji muujiza. Kwanza, kila modeli ya kipandikizi cha uume itaje katika ukurasa wake wa kwanza tishu zilizopimwa zilikuwa za nani: maiti au aliye hai, mnyama au mtu, mwenye ugonjwa gani na wa muda gani. Wahadhiri wanaosimamia tasnifu za uhandisi wa tiba wakatae kazi isiyosema hivyo, kama wanavyokataa kazi isiyo na vipimo.

Pili, kovu la selimundu lipimwe huku kwetu. Kampala ina kliniki ya selimundu ya Mulago. Wagonjwa wapo, na madaktari wanaowafahamu wapo. Si lazima mtu akatwe ili apimwe: ipo mbinu ya ultrasaundi inayokadiria ugumu wa tishu kwa kasi ya mawimbi yanayopita ndani yake, na imekwisha kutumiwa kwenye uume. Na pale upasuaji unapofanyika kwa sababu ya matibabu, kipande cha kovu kinachotolewa kinaweza, kwa ridhaa ya mgonjwa, kwenda kwenye mashine ya kuvuta badala ya kwenda kwenye tanuri la taka.

Tatu, idara za Kiswahili ziandike lugha ya ridhaa. Karatasi mbili tu, kwa Kiswahili ambacho kijana wa Lira, wa Bukavu au wa Kigoma atakielewa: uume umeundwaje, priapizimu ni nini, uende hospitali baada ya saa ngapi, kipandikizi kinatoa nini na kinaondoa nini, na kompyuta iliyokipima ilimpima nani. Kazi hiyo si ya mhandisi wala ya daktari peke yake. Ni ya kwetu, tuliosomea maneno.

Watakaocheka waache wacheke mpaka wamalize, kisha wajibu hoja. Modeli ikijengwa bila kovu itaendelea kutoa picha nzuri za rangi, na itaendelea kuwa sahihi kwa mtu ambaye hatakuja kamwe hospitalini. Anayekuja ana kovu, na swali lake ni moja: hii hesabu yenu imenihesabu mimi?